Sentensi Isiyokuwamo Kwenye Sidii

Dada yangu alifika asubuhi, akaketi barazani, akakataa chai. Kwetu mtu akikataa chai ujue ana jambo. Nami nikaweka kikombe changu chini, nikasubiri.

"Kaka," akasema, "watu wa yule kijana wanakuja. Msimu wa korosho ukiisha tu. Baba mtu na shangazi mtu, wanatoka Majunga."

"Wakaribie."

"Wakaribie nini, na Kiswahili hawakijui? Wanajua Kimalagasi chao, na Kifaransa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kijana mwenyewe sina neno naye. Ana adabu, anakula ugali, anasalimia mpaka watoto. Neno langu ni moja. Mtoto wa kwanza azaliwe hapa, mikononi mwangu. Huko ng'ambo nani atamkanda mwanangu kwa maji ya moto? Hilo utalisema wewe, kaka, na walijibu mbele yako. Lisiposemwa siku hiyo, ndiyo basi tena."

Asiyejua mambo ya kwetu atauliza kwa nini mimi. Baba wa yule binti alikwishafariki, na baba yake mdogo ndiye angekuwa walii siku ya ndoa. Hayo ni ya dini, sikuwa na ugomvi nayo. Lakini maneno ya kabla ya ndoa, ya binti kwenda wapi na kurudi lini, kwetu Wamakonde ni ya mjomba. Na wajomba wengine wote walikuwa wametangulia. Nimebaki mimi, mpima korosho ghalani, niliyeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe sikulimaliza kwa kishindo.

Nilitafuta mkalimani, nisije nikasingiziwa kwamba nilitaka ujuaji. Kijana mwenyewe alikuwa amejifunza Kiswahili kule mdomoni mwa Ruvuma, alikokuja kupima mikoko, lakini mtu hatafsiri posa yake mwenyewe. Siku kama ile hata hafiki, hukaa kwa jirani akingoja habari. Binti naye alikuwa ameokota Kifaransa kwa mchumba wake. Lakini anayeposwa hukaa chumbani, na angetoka kuja kutafsiri mbele ya wakwe, dada yangu angezirai. Nikamwendea mwalimu mmoja mstaafu hapa hapa Magomeni yetu ya kusini, mtu wa bara, niliyesikia kwamba alisoma Kifaransa chuoni.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "kimebaki cha kuhesabu. Moja mpaka ishirini. Na hiyo kumi na saba usiniulize."

Akaniazima kamusi, akanitakia heri. Nyumbani mke wangu, ambaye kwao ni Mahurunga na mama yake alivuka mto kutoka Msumbiji, akasema Kireno na Kifaransa si ni ndugu? Nikamuuliza mama yake alijua Kireno kiasi gani. Akafikiri.

"Maneno mawili. La kuita mbwa na la kufukuza watu."

Basi ikawa kompyuta. Binti alikuwa karani kwenye ofisi ya mradi wa bahari, na walipoletewa mashine mpya yeye akanunua moja ya zile kuukuu. Akaileta kwangu pamoja na sidii aliyopewa na mchumba wake. Akaiweka juu ya meza ya chakula, mke wangu akaivika kitambaa cha kufuma kama redio.

"Njomba, hii itakufundisha. Inasema, halafu wewe unasema kwenye kipaza sauti, halafu inakusikiliza."

"Inanisikiliza kitu gani?"

"Unavyotamka."

Ndani ya sidii mlikuwa na mwanamke. Simwoni, namsikia. Anasema sentensi polepole, kisha ananyamaza, na kwenye kioo unatokea mstari unaokungoja. Ukisema vizuri unakuwa kijani. Ukisema nusu nusu, njano. Ukisema ovyo, mwekundu. Mimi siku za mwanzo nilikuwa mwekundu tangu salamu.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Maisha yangu nimesimama kwenye mzani. Nimewasikia wakulima wakiapa kwamba mzani unawaonea, na mara nyingi si kweli, gunia lilikuwa na majani. Kwa hiyo sikuthubutu kusema mashine inanionea. Niliwaza tu kwamba pengine waliomtengeneza yule mwanamke hawajawahi kumsikia Mmakonde, kwa hiyo masikio yake hayana mahali pa kuniweka. Lakini na hilo laweza kuwa kisingizio. Sijui mpaka leo.

Umeme wakati ule ulikuwa wa mgao, leo mtaa huu, kesho ule. Nilikuwa natoka ghalani mbiombio, vumbi la korosho bado kichwani, naingia ndani kabla ya kusalimia, nawasha. Mara nyingi nilikuwa katikati ya neno, taa pwaa, kioo giza, nami nimebaki mdomo wazi kama samaki. Usiku niliota mistari myekundu. Mke wangu akasema napoteza nyama. Ilikuwa kweli, mkanda niliongeza tundu.

Kilichonitisha hasa ni masomo yenyewe. Somo la hoteli. Somo la treni. Somo la dukani. Somo la mkahawa. Nikajua kuomba chumba chenye dirisha la kutazama bahari kabla sijajua kusema "binti yetu". Nikajua kuuliza treni ya saa ngapi, mimi ambaye treni sijapanda. Nilipitia sidii yote, nikasogeza kile kipanya mpaka kiganja kikatoa jasho, nikitafuta somo la kupokea wakwe. Hakuna. Nikajiuliza, je, wenzetu hao hawaoani?

Sentensi ya kwanza kunipa kijani ilikuwa ya mkahawa. Mtu ameketi anangoja chakula, anasema, "Je meurs de faim." Maana yake nakufa kwa njaa. Sijui kwa nini hiyo. Labda kwa sababu naijua njaa. Mstari ukapanda kijani mpaka mwisho, nikapiga kelele, mke wangu akaja mbio na mwiko. Tangu hapo kila mashine iliponivunja moyo niliirudia ile, nipate kijani changu, nipumue.

"Kila siku unakufa wewe," mke wangu akasema. "Sema na lingine, baba. Unatuitia msiba."

Aliyefurahia haya yote ni mtani wangu. Ni fundi cherehani, Myao, baraza yake inatazamana na dirisha langu. Watani, kwetu, ni watu wa kutukanana bila kukasirika, wao na sisi, tangu babu zetu. Harusini watakuzuia mlango, msibani watakuja kukuchekesha machozi yakiwa usoni. Na ukifa wewe, mtani ndiye ataingia kaburini kupima kama unaenea, akisema ulikuwa mnene bure. Hiyo ndiyo heshima yake.

"Mmakonde!" alikuwa akiita kutoka ng'ambo ya njia. "Wenzako panya wanamla, wewe unamsugua mezani?"

"Shona suruali za watu, Myao. Babu yako alikuja huku akifuata harufu ya mchuzi wetu."

"Na huyo mwanamke ndani ya sanduku, mkeo anamjua? Maana namsikia anakuuliza, wewe unajibu 'wi, wi', hujui hata anakuuliza nini!"

Mzaha, lakini ulinichoma. Maana ni kweli, nilikuwa naitika ndiyo, ndiyo, kwa nisichokielewa.

Sentensi ya dada yangu niliiunda mwenyewe. "Mtoto" niliitoa kwenye somo la treni, kulikuwa na mtoto wa tiketi ya nusu. "Wa kwanza" ilikuwa kwenye mabehewa. "Hapa" ilikuwa kila mahali. "Mama" na "nyumba" nilizipata kwenye kamusi. "Azaliwe" ndiyo ilinitesa. Kamusi ilinipa neno lakini haikuniambia namna ya kulivaa. Nikaunganisha kama mtu anayeshona viraka vya vitenge tofauti. Nilipomaliza nikaisema kwenye kipaza sauti, nikangoja.

Mstari haukutokea. Mashine haikuijua sentensi yangu. Haikuwa nyekundu, haikuwa kijani. Haikuwa na rangi.

Kitu pekee ilichoweza ni kunirekodi na kunirudishia sauti yangu. Nikajisikia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikarudia, nikajisikia tena, nikazima. Na hapakuwa na wa kumuuliza. Binti? Mjomba hawezi kumwambia mpwa wake, nisikilize ninavyosema habari za uzazi wako. Kijana? Yale yalikuwa maneno ya kuwaambia wazee wake, si yeye. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba mzigo ambao sikujua kama ni mchele au mchanga, na msimu wa korosho ulikuwa unakwisha.

Walikuja siku ya Jumapili. Tulikuwa tumeazima viti. Baba mtu alikuwa mrefu, mkimya, kofia ya ukili mkononi, ameivua mlangoni kwa adabu. Shangazi alikuwa mnene wa haki, mkoba mapajani. Dada yangu na wanawake walikaa upande wa mkeka. Binti alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa linapumua.

Nikasema bonjour. Nikawakaribisha kwa maneno ya hoteli, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Yule mzee akatabasamu, akaanza kusema, na akasema polepole, kama mwanamke wa kwenye sidii. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nikashika "mwanangu". Nikashika "binti". Nikashika "tunaomba". Nikavuta pumzi niseme sentensi yangu.

Mlango ukasukumwa.

"Simameni wote!" Ni yule mtani. Amevaa koti la mteja wake, kubwa, mikono imemzidi. "Nani kawapa ruhusa? Huyu binti ni mke wangu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kwetu sisi sherehe ndiyo ilikuwa imeanza. Akajipiga kifua, akaonyesha mlango wa chumbani, akaonyesha kidole cha pete, akajipiga kifua tena. "Mke wangu tangu ananyonya! Nimemngoja mpaka nimeota mvi, leo mnamchukua na boti?" Akanyakua kofia ya mgeni mapajani, akaivaa, akaketi kizingitini, miguu amenyoosha. "Hatoki mtu."

Sote tulikuwa tunacheka. Nilipomtazama mgeni, nikaacha.

Uso wa yule mzee ulikuwa umefunga. Hakuhitaji Kiswahili. Mtu mzima ameingia, ameonyesha chumba cha binti, ameonyesha pete, amemnyang'anya kofia, na wenye nyumba wanacheka. Shangazi alikuwa amekwishasimama, mkoba kwapani. Akamwambia ndugu yake jambo kwa lugha yao, la haraka, na mimi sikuhitaji Kimalagasi. Alikuwa anasema, twende, huyu binti ana mume.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwaambia mapema kwamba kuna watani. Si dada yangu, si mimi, wala yule kijana aliyeishi kwetu muda wote ule. Nani humweleza mgeni kwamba maji yanalowesha?

Nikasimama. Kichwani hamkuwa na kitu ila somo la dukani. Nikasema, "Bwana huyu si mume. Bwana huyu ni mteja."

Mzee akanitazama. "Mteja?" akarudia. Kisha akatazama lile pazia la chumbani.

Nikaona nimeiua posa kabisa. Dada yangu, aliyekuwa hajaelewa neno, akaelewa sura yangu, akashika mdomo. Nikasikia kwa mbali, kama kwenye redio ya jirani, ile sentensi yangu ya kijani. Nikaikata katikati, nikaacha njaa, nikabaki na kufa.

Nikajigusa kifua. "Je meurs," nikasema. Mimi nakufa.

Shangazi akaketi tena, ameshtuka, nadhani alifikiri ninaumwa.

Nikamnyooshea kidole mtani. Neno la kucheka sikuwa nalo. Nikacheka tu, kwa sauti, kwa niaba yake. Kisha nikamwonyesha yeye, nikasema anakufa, sijui kama nilisema sawasawa, nikajionyesha mimi, nikacheka tena. Nikashika jembe lisilokuwepo, nikachimba katikati ya sebule yangu.

Na hapa nisijipe sifa yote. Yule mtani, ambaye Kifaransa chake kilikuwa ni "wi" aliyoisikia dirishani, alinielewa kabla ya wageni. Akajilaza chali palepale kizingitini, akajifunika uso kwa kofia ya ukili, akafa. Akafa vizuri sana, mkono mmoja umelegea nje ya mlango. Nikamwendea, nikampima kwa shubiri, nikatikisa kichwa kwamba haenei kaburini. Maiti ikasema kutoka ndani ya kofia, "Mmakonde, usinizike na njaa."

Mzee wa Majunga aliinama mbele kitini. Akatazama maiti. Akanitazama mimi. Akamgeukia dada yake, akatamka neno moja, fupi. Shangazi akaweka mkoba chini, akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Baadaye kijana aliniambia kwamba na wao, upande wa kwao, wana watu wao wa kutukanana na kuzikana. Siku ile sikulijua hilo. Niliona tu mabega ya wageni yameshuka.

Nikaona nisipoisema sasa sitaisema. Nikaisema nikiwa bado nimepiga magoti karibu na maiti, jembe langu la hewa mkononi. Mtoto wa kwanza. Hapa. Nyumbani kwa mama yake.

Dada yangu hakupepesa.

Mzee akajibu, na jibu likawa refu. Nilishika "ndiyo". Nilishika "bahari". Nilishika "mtoto". Nilishika neno la kofia, maana aliionyesha, iko juu ya uso wa mtani, akasema kitu na kutabasamu. Lakini ile "ndiyo" ilinipa shaka. Kwenye sidii watu husema ndiyo hata wakiwa wanasikiliza tu, ndiyo, ndiyo, treni imeondoka. Ilikuwa ndiyo ya kukubali au ndiyo ya nimekusikia? Nami, kwa woga, nikaitika, "Wi."

Walikula, wakashukuru, wakaondoka. Mtani alikataa kurudisha kofia. Mgeni alitoka nyumbani kwangu kichwa wazi, na hilo peke yake lilitosha kuninyima usingizi.

Jioni dada yangu akaniuliza, "Wamejibu?"

"Wamejibu."

"Wamesemaje?"

Singeweza kumdanganya. "Amesema ndiyo. Na amesema kofia. Katikati sikupata."

"Kofia na uzazi wa mwanangu vinahusiana nini?"

Tungemuuliza kijana, au binti aliyesikia nyuma ya pazia, lakini dada yangu alikataa: neno lililosemwa baina ya wazee huliulizi kwa mkwe wala kwa anayeposwa, utaonekana huliamini. Ndoa ikapita, ya furaha, walii akafanya yake, binti akaenda Majunga na mumewe. Mimi nikarudi kwenye mashine. Si kwa raha. Nilitaka nijue Kifaransa cha kutosha kuikumbuka ile siku upya, nielewe nilichoambiwa. Lakini maneno niliyokuwa sijayashika yalikuwa yamekwenda zake, na huwezi kumrekodi mtu aliyekwishaondoka. Sisimizi wakaingia kwenye sanduku la kompyuta, nikawafukuza kwa manyoya ya kuku, nikaendelea.

Kila asubuhi yule fundi alifungua baraza yake amevaa kofia ya ukili. "Mmakonde, wakwe zetu hawajaja?"

"Irudishe kofia ya watu."

"Niirudishe kwa nani? Mwenyewe yuko wapi?"

Zikaja habari kwamba binti ana mimba. Dada yangu akaacha kuja kwangu. Sisemi alinichukia, hakusema neno baya. Alipita njia ya nyuma tu, akienda sokoni, akirudi. Na mimi niliona ana haki. Alinipa sentensi moja.

Kisha siku moja nimetoka ghalani, naona watu wamejaa mbele ya baraza ya fundi. Nikajua ni msiba, nikakimbia. Katikati alikuwa amesimama yule shangazi wa Majunga, mkoba kwapani, mkono ameunyoosha mbele. Hakuwa amefika kwangu wala kwa dada yangu. Alikuwa ameshuka kwenye teksi na kwenda moja kwa moja kwa mtani, anadai kofia. Nyuma yake, ameshika kiuno, tumbo limetangulia, alikuwa mpwa wangu.

"Shikamoo, njomba."

Nilisahau kuitikia. "Umekuja?"

"Si lazima nije? Baba mkwe alikwambia mwenyewe siku ile. Kwamba kofia anaiacha kwa huyu mtani wako mpaka mtoto wa kwanza atakapoletwa huku, atume mtu aje kuichukua." Akanitazama. "Njomba, si alikwambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Sikuwa na hakika."

Mtani alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili nyuma ya mgongo, anamwambia shangazi kwa Kiswahili kitupu kwamba haitoki bila kuku, na jogoo si vifaranga. Shangazi anamjibu kwa lugha yake, naye amekaza, na kila mmoja anamwelewa mwenzake kuliko nilivyopata kumwelewa mwanamke wa kwenye sidii. Mpaka leo sijui kilichomrudisha binti ni sentensi yangu au ile kofia. Nilitaka kuwatafsiria, nikafungua mdomo, nikaona sihitajiki.

Dada yangu alikuwa anakuja, kwa njia ya mbele, khanga moja imeanguka begani na hakuiokota.

"Kaka," akaniambia akinipita, mkono tayari umemfikia mwanawe, "usisimame hapo. Nenda kawaambie wabandike maji."

Nikaenda kuyabandika mwenyewe.